Ufa Uliouchora Vizuri

Baba Watoto,

Simu yako haipatikani. Chai iko kwenye chupa, kainywee nje. Usiingie chumba cha watoto hata kwa dakika. Tunakwenda kwa dada yangu, tutarudi ~~jioni~~ ukuta ukishabomolewa.

Sijakasirika. Naogopa.

Asubuhi nilikuwa napangusa vumbi kwenye ule mtaa wako mdogo wa mfano, wa plasta, unaopangia vigari vyako vya kuchezea. Nikaona umeijenga na nyumba yetu: kutu ya bati umeipaka kwa sifongo, madoa ya mvua kwa maji ya chai. Nikacheka peke yangu, kweli una mkono. Halafu nikaona umechora ufa ukutani, mwembamba kama unywele, kutoka dirishani hadi chini. Nikashtuka, maana wewe hubuni kitu. Unaiga unachokiona.

Nikatoka mbio hadi nyuma ya tangi la maji. Ufa upo kweli. Ila ulipouchora ulikuwa unywele. Leo vidole vyangu viwili vimezama. Na upande wa pili wa ukuta huo ndipo wanao wanapolaza vichwa!

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe mume wangu ukuta umeshaujenga, wa kuegeshea vigari.

Mwite fundi leo hii, yule mzee wa zege, siyo yule fundi rafiki yako.

Watoto wako getini wananiita. Nasikia mchanga unachuruzika ndani ya ukuta. Usikisome mara mbili kikaratasi hiki. Toka.

Mama Watoto