Sabufa Niliyomnunulia Dada Yangu Asiyesikia Vizuri

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujauliza kwa nini mtu mzima anakuandikia wewe habari za spika badala ya kumuuliza muuza spika, nikwambie kwamba nimemuuliza, tena Jumamosi tatu mfululizo, na ndiye aliyenifikisha hapa.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, sijaolewa, ni mpiga chapa mahakamani. Kazi yangu ni kukaa kutwa na hedifoni kichwani nikisikiliza mashauri yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, na shahidi akimung'unya maneno narudisha nyuma, nasikiliza, narudisha tena, hata mara sita, mpaka nijue kama amesema "nilimwona" au "nilimwonya", na wala sichoki, mkubwa wangu wa kazi hunisifu kwa hilo.

Nyumbani nilikuwa nikiishi na dada yangu, amenizidi miaka mitano, naye hakuwa ameolewa, na tangu wazazi wetu watutoke tulikuwa sisi wawili tu, yeye anapika mimi naosha vyombo, na kila Jumamosi jioni tunatazama filamu kwenye TV yetu ambayo sauti yake ni kama ya nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Miaka ile ya mwisho masikio ya dada yakaanza kufifia. Kwenda kupima hataki, kazi yake ni kuuliza tu, "Amesema nini?" Namwambia. Dakika haijaisha, "Na huyu je, amesema nini?" Namwambia tena, ila kwa mkato, na mwishowe nikawa najibu, "Hakuna cha maana," naye ananyamaza, anabaki kutazama midomo ya watu.

Mwaka juzi akapata mchumba, fundi saa mmoja mpole aliyefiwa na mkewe, na akiwa na miaka hamsini na saba dada yangu akaolewa. Nilipaswa kufurahi. Siku aliyokuwa akifunga masanduku alisimama mlangoni akaniuliza kama nitaweza kukaa peke yangu, na mimi, mshauri, sijui shetani gani alinipanda, nikamwambia, "Nenda tu, nimechoka kukurudilia maneno ya watu." Nilisema kwa sauti ya chini, nimempa mgongo. Hakujibu. Nikajiambia hakusikia, na miaka miwili hii nimekuwa nikijiambia hivyohivyo. Tangu siku ile ni salamu za simu tu, hujambo sijambo, shemeji hajambo, basi, tumemaliza.

Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji ikijizima. Sufuria zote za humu ni za watu wawili au zaidi, nikipika wali unakaa chini kabisa kama uliosahauliwa. Kutwa nasikia sauti za watu wasionijua, nikivua hedifoni hakuna anayesema nami. Ndipo likanijia wazo kwamba nikinunua spika nzuri dada atasikia kila neno, hatakuwa na haja ya kuuliza, na atakuja Jumamosi kama zamani.

Muuza spika aliniuliza, "Sebuleni mnakaa wangapi, mama?" Nikamwambia wawili. Nilisema bila kufikiri. Akasema, "Basi chukua hii, spika tano na sabufa ya inchi kumi na mbili. Hata kiziwi ataisikia!" Akawasha kipande cha filamu ya vita, kifua changu kikatetemeka, nikaona dawa ndiyo hii. Kwa bajeti yangu ndogo nilishangaa kupata vitu vingi hivyo, kumbe hizo spika tano ni vidude vidogo kama vikombe vya kahawa, uzito wote uko kwenye sabufa.

Jumamosi iliyopita nikawaalika. Wakaja saa kumi jioni, dada na shemeji, dada akakaa mahali pake pa siku zote. Filamu ilikuwa ya ndugu wanaogombania duka la baba yao. Mlango ukifungwa kwenye filamu, vioo vya kabati langu vinalia. Gari likipita, jirani anagonga ukuta. Lakini wakianza kuongea unasikia mvumo tu. Kuna mahali mama mmoja analia kwa kufiwa na mwanawe, na dada yangu, akidhani ni kichekesho, akacheka. Alicheka peke yake. Akatugeukia, akaona nyuso zetu, akaacha.

Hapo shemeji, bila kuombwa, akainama kwenye sikio lake la kushoto akamwambia, "Mtoto amefariki." Kisha akaendelea. "Anasema duka haliuzwi." "Anamwambia aondoke." Nusu nzima ya filamu, mshauri, bila kukunja uso, na dada anatikisa kichwa, mkono wake uko kwenye goti la mumewe. Nikaenda jikoni nikafungua bomba ili wasinisikie nikilia.

Filamu haijaisha dada akasema kichwa kinamuuma. Mlangoni akaniambia, "Ni spika nzuri, mdogo wangu. Umejitahidi." Wakaenda.

Duka limenipa mpaka Ijumaa kubadilisha. Je, nichukue seti yenye sabufa ndogo, au spika mbili kubwa, au nirudishe zote nibaki na kimya changu?

Mpiga Chapa

*

Mpiga Chapa, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisukuma chai yangu pembeni. Upweke wa kukaa na sufuria kubwa naujua. Lakini huruma yangu usiigeuze mto wa kulalia, maana nina ya kukwambia.

Tuanze na spika, kwa sababu ndizo ulizoniuliza. Huyo muuzaji amekuuzia ngurumo. Sabufa inabeba mlango, injini na mizinga. Maneno ya watu hayapiti huko. Mtu ambaye masikio yamefifia hahitaji kutikiswa kifua, anahitaji kusikia sauti ya binadamu ikiwa safi. Kwa bajeti ndogo, spika chache nzuri zinashinda nyingi za mapambo. Rudisha hiyo seti yote. Chukua spika mbili za ukubwa wa kadiri, na moja ya katikati ya kuweka chini ya TV, ielekee usawa wa masikio ya aliyekaa, kwa kuwa mazungumzo mengi ya filamu hutokea hapo. Hakikisha amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, inakuruhusu kuipandisha ya katikati peke yake. Sabufa ukiitaka sana, chukua ya inchi nane, uiweke mbali na kona na mbali na ukuta wa jirani, na sauti yake uiache chini. Tena washa maandishi chini ya picha. Hayana gharama na hayamwaibishi mtu.

Haya, sasa tuseme la kweli.

Shahidi usiyemjua hata jina unamrudisha nyuma mara sita, ukimaliza unasifiwa. Dada aliyekupikia miaka yote hiyo, mara mbili tu ukachoka! Fundi saa ana miaka miwili ndani ya ndoa na ameshajua sikio lipi linasikia. Wewe ulilijua? Ulipolia jikoni ulilia kwa wivu, na wivu wenyewe hauna kosa, mwenye kosa ni yule anayeuficha nyuma ya sabufa. Ulitaka kifaa kifanye kazi yako, ili dada asikuulize kitu tena. Yeye hakuja kwa ajili ya filamu, mama. Angetaka filamu angebaki kwake.

Na hilo la kujiambia kwamba hakusikia, liache leo. Asiyesikia hujibu "eh?" au "umesemaje?" Aliyenyamaza alisikia.

Fanya hivi. Usimpigie simu, kwenye simu atakosa nusu ya maneno. Nenda kwake kesho ukitoka kazini, zima kila kinachopiga kelele, kaa kushotoni kwake, umtazame usoni na umwombe msamaha kwa maneno yaleyale uliyomtupia, usiyapambe. Akikuuliza umesema nini, rudia, kwa sauti ileile ya upole. Kisha mwombe aende nawe dukani kuchagua. Masikio ya kupimia spika hizo ni yake, si yako wala ya muuzaji. Na ukiona moyo wake umelegea, mwambie habari ya kupima masikio, na ujitolee kumsindikiza.

Usisubiri Ijumaa.

*

Nilimtumia mwandishi wa barua jibu hili kabla halijachapwa, kwa sababu duka lilimpa mpaka Ijumaa. Jana akanipigia simu. Alikwenda. Aliyasema yale maneno, mara ya kwanza dada akiwa anamtazama midomo, mara ya pili akiwa anatazama sakafu.

"Akajibu nini?" nikamuuliza.

"Alisema, 'Siku ile nilikusikia vizuri tu. Wewe hujawahi kusema neno lisiloeleweka.'"

Walikwenda dukani wawili. Muuzaji alianza na vita vyake, dada akainua mkono akamwomba aweke watu wanaoongea. Akasikiliza spika moja, nyingine, nyingine, amefumba macho, kisha akaiwekea kidole moja nyeusi, isiyo na taa wala urembo, akasema, "Huyu mwanamke namsikia."

"Amekusamehe?"

"Hajasema. Amesema Jumamosi hawezi. Atakuja Jumapili, peke yake, shemeji abaki nyumbani."