Benchi Yako na Msalaba wa Chokaa

Muzee Ramazani, fundi wangu,

Tangu tukuzike, ua wako haujafagiliwa. Majivu ya moto wa matanga, maganda ya ndizi, mikeka ya waliolala nje, vyote viko pale vilipoachwa. Desturi unaijua: ufagio haupiti kabla ya arobaini, usije ukamfagia marehemu pamoja na takataka. Hata benchi yako ya nyama ingali na damu ya mbuzi wako wa mwisho. Mama Zaina, mujane wako, alinikataza kuigusa.

Njo hapo muzungu wa serikali anayekagua usafi alipotuingilia, yeye na Muingereza wa misioni. Muingereza akashika pua: "Shambles!" Yule wa usafi hakuuliza desturi. Alichora msalaba wa chokaa kwenye nguzo ya kibanda chako cha nyama. Polisi wake akanicheka: "Wee muchinja mbuzi, kesho tunaleta mashoka. Tafuta kazi ya kufagia!"

Nikamfuata Muingereza, kwa kuwa Kiswahili anakijua. Bwana, neno lile njo nini? Akasema ni fujo tupu: nyumba iliyopekuliwa na wezi, kazi iliyovurugika. Lakini zamani, akasema, wazee wao waliita hivyo kigoda. Kisha benchi ya muuza nyama. Kisha machinjioni. Kisha popote palipojaa damu na mizoga. Mwisho damu ikasahauliwa, ikabaki fujo.

Hatua tano, Muzee. Nikamwambia, basi hata kwenu ilianza na benchi ya muntu wa kazi. Amwambie mwenzake asiivunje. Akajibu ataomba Mungu.

Wewe! Wewe uliyeisugua kwa mchanga na majivu kila jioni! Nilitoka Kampene na shati moja, sina muntu, na juu ya mbao zile ukanifanya muchinjaji. Leo wanaiita uchafu.

Vibanda viwili vya majirani vyenye msalaba vimekwisha kuwa kuni. Wateja wanapita upande wa pili wa njia, hawanisalimu. Mama Zaina yuko ndani ya eda, hawezi kutoka; anasikia tu mashoka yakinolewa kwa polisi.

Kufagia siwezi, nitakufukuza. Kuiacha siwezi. Nitaibeba kichwani, na damu yake, mpaka mtaa wa Mikelenge, nikaifiche. Wavunje nguzo. Arobaini ikitimia nitaiosha kwa mikono yangu, na wakinifunga kabla, Mama Zaina anajua iko wapi.

Pumzika, Muzee. Wamemaliza kunoa. Hawakungoja kesho, nasikia wanakuja. Acha niibebe.