Taa Ulizonikataza, Fundi

Fundi Athmani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mdomo umezoea. Miaka saba ya kukukuta asubuhi umeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, unakoroga chai, haitoki mara moja. Lakini heshima nyingine leo usiitarajie. Nina hasira nawe, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka, maana wewe umelala Mambrui umetulia, na mimi niko hapa gereji Malindi mbele ya boneti nyeusi ya Mwalimu Charo.

Ngoja nikupe habari kwanza, usije ukasema Kadzo hana adabu, anaingia na lawama kabla ya salamu. Bi Rehema yumo kwenye eda, hajambo, ila goti lile linamsumbua. Aliniita nyumbani akanipa funguo za gereji mbele ya ndugu zako, akasema, "Kazi hii marehemu alifanya na Kadzo, basi Kadzo aiendeleze." Nililia kama mtoto. Paka wako bado analala juu ya gari lolote lililoingia na joto. Ndoo yako hakuna anayeikalia.

Na nimeweka taa.

Nakusikia unavyosonya. Taa! Vita vyetu vya miaka yote. Tulikuwa tunang'arisha magari ya watu chini ya balbu moja ya manjano na mlango nusu wazi, na kila nikitaja taa unanijibu, "Mwanangu, taa nyeupe zina uchochezi. Zinakuonyesha kasoro ambazo hata mwenye gari hana habari nazo." Halafu unajigonga kidole chini ya jicho, "Taa ni hii." Nami nilikuamini. Ningeachaje kukuamini? Baba yangu aliponiambia kazi ya magari si ya mwanamke, wewe ndiye uliyekwenda kwetu ukaketi naye mkekani mpaka akakubali. Wewe ndiye uliyenifundisha kutia mkono ndani ya mfuko wa nailoni nikapapasa rangi ya gari, ili vidole visikie vumbi lililoganda. Mifuko ile ilipopigwa marufuku ulibakisha mmoja, ukaulinda kama hati ya shamba. Bado ninao.

Kununua taa kwenyewe kulikuwa kichekesho. Nilianza na kosa. Nilinunua taa moja kubwa, ile ya kumulika uwanja, nikaitundika katikati ya dari. Gari liling'aa mpaka macho yakauma, na sikuona chochote! Juu ya bodi palikuwa na jua dogo tu linanikodolea macho. Fundi wa stima kutoka Kisumu Ndogo alicheka, akaniambia, "Dada, hapa utakausha samaki, huwezi kung'arisha gari."

Basi nikabeba mlango mweusi wa lile gari bovu lililo nyuma ya gereji, nikaingia nao dukani. Mwenye duka akauliza, "Unauza mlango ama unanunua taa?" Nikamwambia awashe moja moja. Nilikwenda pia na kanga yangu nyekundu. Taa iliyoifanya kanga iwe ya kahawia, niliikataa. Iliyoifanya iwe ya zambarau, niliikataa pia. Niliyochukua ni ile iliyoacha wekundu ukawa wekundu. Taa zenyewe ni za mirija, nyeupe ya kawaida, si ile nyeupe ya buluu inayochosha macho. Tumezifunga ubavuni, kuta zote mbili, usawa wa vishikio vya milango, zimeinamishwa kidogo. Mwanga ukija kwa ubavu, Fundi, mkwaruzo hauna pa kujificha. Juu nimeweka mbili tu, na swichi zake mbali. Kuta nimepaka chokaa. Ungeingia ungedhani umekosea mlango.

Nilifanya yote hayo kwa sababu moja, na unaijua. Magari meupe na ya fedha wananiletea. Meusi hawaniletei. Mtu anasimama pale mlangoni na gari lake jeusi, ananitazama, anasema, "Pole kwa msiba," anaondoka. Hawaniamini tangu siku ile ya Kilifi.

Nikukumbushe ile siku, maana nadhani ulijitahidi kuisahau. Ni miaka minne sasa. Mwalimu Charo alituletea gari lake tuliandae kwa harusi ya bintiye. Mimi nilifanya milango, wewe ukafanya boneti. Ukaenda kuswali adhuhuri. Nikaona pembe moja karibu na taa ya mbele bado imefifia, ukubwa wa sinia ya mahamri, nikachukua mashine ya kung'arishia nikaipitia. Nilitaka kukufurahisha. Uliporudi nilikwambia mwenyewe, kwa furaha.

Siku ya harusi, kule Bofa, gari likasimama juani mbele ya wakwe na wageni, na boneti nzima ikaonekana imejaa miviringo kama utando wa buibui. Mwalimu akakupigia simu. Ukanichukua mpaka kwake Kilifi, ukanisimamisha uani mbele ya mkewe na wakwe zake, ukasema, "Msichana aliigusa nilipokwenda kuswali. Kadzo, omba radhi."

Niliomba. Nilipiga magoti kwenye kokoto, Fundi. Hakuna aliyeniambia nipige magoti, niliona aibu tu. Njiani kurudi ulininunulia dafu. Ukasema, "Yamekwisha, mwanangu." Dafu lile nililinywa nikiona una moyo mkubwa! Tangu siku hiyo sikushika mashine kwenye gari jeusi. Miaka minne mimi ni viti, mazulia na magurudumu. Na kila Idi nilikushukuru kwa kutonifukuza.

Sasa sikia ya jana.

Jana asubuhi Mwalimu Charo alikuja kutoa pole. Gari lilikuwa na vumbi la safari, akaomba nimwoshee kabla hajarudi. "Kuosha tu," akasema. Akarudia, "Kuosha tu, Kadzo." Akaenda zake sokoni. Nikaosha kwa sabuni kali, ile inayotoa mafuta yote, nikakausha, nikaliingiza ndani, nikawasha taa za ubavuni.

Miviringo yote ipo. Miaka minne ulikuwa unaipaka mafuta ya kuing'arisha juu juu, chini ya balbu yako ya manjano, unamrudishia Mwalimu gari linametameta, na kila likioshwa vizuri inarudi. Hukuutoa hata mmoja. Na imepinda kwenda kushoto. Yote. Niliinama mpaka shavu likakaribia bati, nikafuata mmoja mmoja. Wewe ulikuwa unashika mashine kwa kushoto. Malindi nzima sijaona mwingine. Nikauvuta ule mlango mbovu, nikausugua kwa mkono wangu wa kulia, alama zikapinda kulia. Nikabadilisha, nikashika kwa kushoto kama wewe, zikapinda kushoto, sawasawa na zile za boneti.

Halafu nikatafuta ile pembe yangu, ile ya karibu na taa ya mbele. Fundi, ni safi. Boneti nzima imekwaruzwa, na pahali pamoja tu palipo safi ni pale nilipopagusa mimi.

Nilikaa chini sakafuni. Lakini unajua nilivyo mjinga? Nilianza kukutetea. Nikajiambia, maskini, chini ya balbu ile nani angeona? Alisikia nimegusa, akadhani kweli ni mimi. Nilikwisha kupanga hata maneno ya kumwambia Mwalimu ili jina lako lisiguswe. Nikainuka kutafuta taulo kwenye kabati lako, lile ulilokuwa unalifunga kwa kufuli. Nyuma ya mataulo nikaona kikoi kimekunjwa. Ndani ya kikoi mna taa. Ndogo, ya mkononi, nyeupe, nzuri kushinda zote nilizojaribu dukani, mpini umechakaa kwa vidole vyako.

Ulikuwa nayo. Uliniambia taa nyeupe zina uchochezi, na yako umeificha kwenye kikoi! Ulikuwa ukimulika nikishakwenda nyumbani. Uliona kushoto kwako, uliona na pembe yangu, ukafunga kabati. Ukaniacha niombe radhi.

Nimejiuliza kwa nini. Labda uliogopa. Jina lako lilikuwa limejaa kutoka hapa hadi Kilifi, na mimi sikuwa na jina bado. Ukapima la nani litupwe, ukaona langu ni jepesi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kokoto. Ungeniambia ukweli njiani, na dafu mkononi, ningelibeba kosa lako kwa hiari yangu. Haki ya Mungu ningelibeba. Wewe ulikuwa baba yangu wa pili.

Na kuna jambo jingine. Siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka, kaka yako alisimama mlangoni akauliza kama ilivyo desturi: aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Sisi wanawake tulikuwa ndani, sauti ikatufikia dirishani. Wote tukaitikia, "Tumemsamehe." Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote, mpaka Bi Rehema akanishika mkono. Nilidhani sina kitu cha kukusamehe.

Mwalimu alirudi alasiri. Ningeweza kunyamaza, ujue. Ningezima taa, nikampa funguo, jina lako likabaki lilivyo na langu likabaki lilivyo. Sikuzima. Nilimsimamisha pale, nikamwonyesha kushoto na kulia, nikamwonyesha mlango mbovu, nikamwonyesha pembe yangu. Nikamwambia, "Mwalimu, niliomba radhi kwa kosa lisilo langu." Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Akasema, "Na mimi niliwaambia watu wasikupe magari yao." Kisha akasema, "Basi nitawaambia tena, wale wale." Akaniuliza kama naweza kuitoa ile miviringo. Nikamwambia naweza. Akaniachia gari, akarudi Kilifi bila gari.

Kwa hiyo leo nimesimama hapa, mashine tayari. Nikimaliza barua hii nitaifuta kazi ya mkono wako, mviringo kwa mviringo. Nitaifuta kwa ufundi ulionifundisha wewe mwenyewe, na hilo nalo linaniliza, sijui nilie kwa lipi.

Jina lako nitaliacha mlangoni. Bi Rehema hakukosa kitu, na sitampelekea maneno haya ndani ya eda yake. Taa yako nimeitoa kwenye kikoi, nimeitundika ukutani mahali kila mtu anapoiona, na yeyote nitakayemfundisha ataishika siku yake ya kwanza.

Ila lile neno la dirishani nalichukua. Nililitoa bila kujua nalitolea nini, kwa hiyo halikuwa lako. Sisemi sitakupa. Siku litakapokuwa tayari moyoni nitakuja Mambrui mwenyewe, mchana, nisimame nje ya ukuta wa makaburi, nitaje kosa lako kwa jina lake, kisha ndipo niseme nimekusamehe. Lala salama, Fundi wangu. Leo bado.

Kadzo