Bawa Uliloliacha Darini

Makambako, Jumapili, 27 Desemba 1953
Asubuhi ukungu mzito, kisha manyunyu yasiyokata. Baridi ya kuvaa sweta.

Loida,

Bawa lako limefumuliwa. Naanza na hilo kwa sababu tangu asubuhi sijaweza kuwaza jambo lingine. Liko hapa sebuleni kwako, juu ya mkeka, vipande vipande. Maganda ya mahindi yako upande mmoja, kamba upande mwingine, na ile pete ya mwanzi uliyoikunja kwa mvuke wa sufuria imeegemezwa ukutani kama ungo uliotoboka. Aliyelifumua ni mwanao Yuditha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, nikamwangalia, nikamwacha.

Sijui kama nilifanya vema. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda kutazama kuku ambao hawana shida yoyote, nimerudi. Kesho lori litamchukua.

Ngoja nikueleze kwa mpango. Ungesema, "Damari, wewe hata kilio unakiandikia ratiba." Haya, ratiba yenyewe ndiyo hii.

Ulipoondoka mwezi wa saba, mahindi yalikuwa bado uani hayajapukuchuliwa. Wanawake waliokuja msibani waliyapukuchua wakiimba, na mimi nikaenda nyuma yao nikiokota maganda ya ndani, yale laini, kwa sababu wewe ulinifundisha kwamba maganda ya mchezo wa sikukuu ya watoto kanisani hutafutwa wakati wa mavuno, siyo Desemba. Mama mkwe wako aliniona nimeinama. Akauliza, "Huyu mwalimu wa Njombe anaokota nini kwenye matanga?" Nilijaza gunia zima, Loida. Sikujua kama kutakuwa na sikukuu, lakini mikono ilitaka kazi.

Nilipopanda darini kuhifadhi gunia hilo ndipo nikalikuta bawa. Moja tu. Ulikuwa umeliweka juu ya moshi wa jikoni ili panya na wadudu wasiliguse, nalo lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya asali. Yuditha alikuwa chini akishika ngazi. Akasema, "Hilo ni langu. Mimi ndiye njiwa wa Nuhu." Kisha akasema, "Lakini mama hajatengeneza la pili. Basi mimi siyo njiwa tena." Akaiachia ngazi, akaenda zake. Mimi nilibaki juu na bawa mkononi, ngazi haina wa kuishika.

Tangu siku ile hakutaka kuzungumza habari za sikukuu. Watoto wengine walipokuja kuulizia vinyago vyao, yeye aliingia ndani. Shemeji, mumeo, naye alikwisha amua kwamba baada ya Krismasi atampeleka kwa mama mkwe wako huko Lugarawa, maana kazi yake ya kubandua magome kwenye mashamba ya miti ya miwati inamwondoa nyumbani kabla mtoto hajaamka. Simlaumu. Ila nilijua kwamba asipovaa mabawa hayo mwaka huu, ataondoka hapa akiamini kwamba kila kitu ulichokianza kilikufa pamoja nawe. Nilishindwa kulala kwa ajili ya wazo hilo. Kila Jumamosi niliyopata nafasi nilipanda lori kutoka Njombe, natua hapa nimejaa vumbi, na baadaye matope, kuja kujenga safina.

Safina imejengwa, usiwe na wasiwasi. Hatukuwa na fedha, kama siku zote, na kama siku zote hatukuihitaji sana. Mwenye duka pale njia panda alitupa masanduku matupu ya majani ya chai. Mbao zikawa ubavu wa safina, na ile karatasi ya kung'aa ya ndani nikaikata nyota na matone ya mvua, tukayatundika kwa uzi. Mifuko ya saruji tuliomba kwa mafundi wanaojenga daraja, tukaikung'uta, tukaikunjakunja mpaka ikawa laini kama ngozi ya mzee, ndiyo ngozi ya tembo. Masikio ya tembo yalikuwa nyungo mbili za Mama Rahabu, jirani yako, naye alizitoa kwa sharti kwamba tusizitoboe. Jioni ya sikukuu masikio yalirudi kwake kupepeta unga.

Gundi nilipika kwa unga wa muhogo, nikatia pilipili kama ulivyokuwa ukifanya, ili watoto wasiilambe. Mmoja alilamba hivyo hivyo. Alilia, akalamba tena kuhakikisha.

Kosa langu lilikuwa mkonga. Nilitaka mkonga unaopinda, nikachukua mbeta za zamani za yule jirani mgema, nikazikata vipande vifupi na kuvitunga kwenye kamba. Unajua mbeta, mwanzi ule ukishakinga ulanzi, pombe yetu ya mianzi, miaka mitatu hauachi harufu yake hata uuoshe kwa majivu. Mimi nilisahau. Au nilijua nikadhani kanisani kwa Lutheri hawataisikia. Kanisa lilipojaa na watu wakaanza kutoa jasho, tembo akanuka. Mzee wa kanisa, yule mrefu mwenye kikohozi, alinyoosha shingo akauliza kwa sauti, "Mwalimu, huyu tembo amepitia kilabuni kabla ya kuingia safinani?" Kanisa zima likacheka. Mama Rahabu akamjibu kutoka nyuma, "Baba, hata Nuhu mwenyewe alilima mizabibu!" Ungekuwepo ungeanguka kwenye benchi.

Lakini narukia mbele. Bawa.

Nililiazima kwa Yuditha. Nilimwomba kabisa, kwa adabu, nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo: nipe niangalie nitengeneze mwenzake. Akanipa. Nikakunja pete ya mwanzi kama ya kwako, nikalowesha maganda, nikaanza kuyafunga moja moja kutoka nchani. Kila nikimaliza safu nilikuta limekwenda kinyume. Maganda yako yanalaliana kuelekea huku, yangu yanalaliana kuelekea kule. Nikafumua, nikaanza upya. Likatoka kinyume vile vile. Nililichunguza la kwako kwa mbele na kwa nyuma, nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Kitu kimoja tu sikukifanya: sikufungua fundo lako hata moja. Ningeona ulipoanzia, ningejua. Nikaweka ukucha wangu kwenye fundo la kwanza, nikauondoa. Lilikuwa limekazwa na vidole vyako. Ningewezaje?

Siku moja nikiwa ndani ya lori, karibu tunaingia Njombe, mvua inapiga turubai, nikakumbuka. Mkono wako wa kushoto. Loida, nilisahau mkono wako! Tulipokuwa darasa la pili mwalimu alikuwa akikufunga ule mkono kwa kitambaa nyuma ya mgongo, ukajifunza kuandika kwa kulia, mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini ukitoka darasani tu, kisu kushoto, sindano kushoto, jembe kushoto. "Chaki ni ya mwalimu," ulikuwa ukisema, "ila mkono ni wa mama yangu." Niliyekuwa nikimwiga siku zote hizo ni mtu wa kushoto, kwa mkono wangu wa kulia, nikishangaa kwa nini hatufanani.

Nikajaribu basi kwa kushoto. Usiniulize. Kuku angefunga vizuri zaidi.

Hivyo Jumamosi ya mwisho nikakata tamaa, nikalimaliza kwa mkono wangu, kinyume, na kulitundika juu ya moshi lipate rangi. Siku hazikutosha. Lilitoka manjano hafifu, la kwako kahawia. Nilimpelekea Yuditha nikiwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Hakunisikiliza. Aliyatazama mabawa yote mawili, akageuka, akaniambia, "Nifunge." Nikamfunga la kwako upande wa kushoto, la kwangu upande wa kulia.

Na yakakaa, Loida. Maganda ya upande huu yalishuka kuelekea nje, na ya upande ule yakashuka kuelekea nje, kama bawa la ndege yeyote unayemwona mtini. Nikakumbuka malaika wetu wote wa miaka ile, jinsi kila mmoja alivyokuwa na bawa moja la adabu na jingine limesimama kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Tulilaumu upepo wa mlangoni. Kumbe ulikuwa ukitengeneza mabawa mawili ya upande mmoja! Nilicheka peke yangu mpaka Yuditha akaogopa. Kisha na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Meno mawili ya mbele hayapo, nilikuwa sijui.

Jana akatoka. Wanyama walikuwa wamekwisha ingia wawili wawili, simba akalia kwa sababu kinyago kilimwasha, na matone ya karatasi yakatingishwa, mvua ya kweli nayo ikaanza juu ya bati kana kwamba imeitwa. Yule mzee wa kikohozi hakuacha. "Njiwa wa Nuhu ni mweupe, huyu mbona wa moshi?" Nilikuwa nyuma ya safina nimeshikilia ubavu wake usianguke. Yuditha ndiye aliyejibu, tena ilikuwa zamu yake ya kunyamaza. Akamsalimu kikwetu, "Kamwene, baba. Mimi ni njiwa wa hapa." Kisha akazunguka kanisa zima akiwa na jani la mwati mdomoni, taratibu, akipita karibu na kila benchi, nawe unajua zamani alikuwa akijificha kwenye kanga yako hata akisalimiwa na pasta. Shemeji alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini. Alipopitiwa alilishika bawa la kwako kwa vidole viwili, ukingoni tu, akaliachia.

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani leo nitaandika kwenye shajara yangu: sikukuu imefanyika, mtoto amevaa, Loida alale kwa amani. Mstari mmoja.

Asubuhi hii nikaingia sebuleni. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani. Yuditha alikuwa amekaa mkekani, bawa lako mapajani, anafungua mafundo kwa meno na kucha. Nusu lilikuwa limekwisha kwenda. Loida, nilihisi kama naona kaburi linafukuliwa. Nikafungua mdomo kupiga kelele. Lile bawa ndilo la mwisho. Gunia ninalo, mianzi iko kila bonde, lakini mafundo yale, hakuna popote tena duniani yaliyofungwa na wewe.

Bila kuinua macho akasema, "Shangazi Damari, natafuta alipoanzia."

Mimi nililitafuta hilo miezi mitatu kwa macho tu. Niliogopa kugusa. Yeye hakuogopa.

Nikanywa chai iliyopoa. Amekuwa mkekani siku nzima. Alipofika fundo la kwanza aliniita nilione: umelizungusha mara mbili na kupitisha ncha ndani yake, kitu kidogo sana, mtu angekufa asikijue. Kisha akaanza kulifunga upya. Anatumia mkono gani? Usiku wa jana ningeapa sijui. Leo nimeona: ni ule wa mama yake. Nami nimemwangalia shemeji, naye amenitazama. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na huko Lugarawa shule ya misheni ina kitambaa chake, kama ile yetu. Nitamwandikia mwalimu wake kabla shule haijafunguliwa. Nitamwandikia barua ndefu yenye sababu zilizopangwa. Acha wacheke ratiba zangu.

Amefika safu ya nne, usingizi ukamchukua. Ganda moja lilibaki mkononi. Shemeji alimbeba akampeleka kitandani nalo.

Na sasa nakaa hapa na vipande vyako. Safu zake zimepinda. Ya pili ina pengo unaloweza kupitisha kidole. Kwa taa hii, kwa kuwa nimeliona fundo, ningeweza kulimaliza kabla ya lori, hata kwa mkono wangu mbaya, likawa karibu sawa na lako. Mara mbili nimeshuka mkekani. Mara mbili nimerudi kwenye kiti hiki. Vidole vinawasha, nimevikalia.

Sitaligusa. Hilo ndilo nakuahidi, nalo ni gumu kuliko lile la barua. Kesho nitavikusanya vipande ndani ya gunia la sukari, maganda yakiwa yamefungwa kitambaa kibichi yasikauke njiani, na gunia nitamkabidhi yeye mwenyewe, siyo baba yake. Lile la kwangu litafungwa juu ya mzigo, lipate mvua likipenda. Mavuno yakija nitapanda lori mpaka Lugarawa nikaone amefika safu ya ngapi. Sitasahihisha. Nitashika ngazi tu.

Pumzika, mwenzangu. Ukinisikia natembeatembea humu ndani usiamke, ni mimi. Nikisimama tena itakuwa ni kuzima taa.

Wako,
Damari

Manyunyu yamekata. Nalala sasa, saa saba na robo usiku.