Neno Moja Lilimpeleka Mahabusu, na Mkalimani Nilikuwa Mimi

Mama mshauri, nimekusoma miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema hawa watu kumbe hawana ndugu wa kuwaeleza shida zao, na leo ndugu ninao tele lakini hakuna hata mmoja ninayeweza kumtazama usoni nikamwambia hili, kwa hiyo nisaidie, na ukinikaripia nitavumilia.

Mimi ni karani wa mahakama ndogo, hizi za ugomvi wa majirani, mipaka ya viwanja, matusi na talaka. Nakaa kwenye meza iliyo chini ya hakimu, naita majina, napanga mafaili, nachapa mwenendo wa kesi, na mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama akipanda kizimbani mimi ndiye ninayesimama kumtafsiria, kwa sababu miaka mitano iliyopita fomu ya kazi iliuliza ninajua lugha gani nyingine nikaandika lugha ya bibi yangu mzaa mama, na pale penye "kwa ufasaha" nikatia alama ya vema bila kusita, wakati Mungu anajua nilichokuwa nacho ni salamu, mazungumzo ya jikoni na matusi mawili matatu niliyookota likizo za shule.

Miezi miwili iliyopita aliletwa binti mmoja mtunza wagonjwa. Alikuwa ameajiriwa nyumbani kwa bibi mmoja aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi na kusema kwake ni kwa tabu, na siku hiyo bibi alianguka mlangoni mwa bafu akavunjika mkono, mwanawe wa kiume akatokea akamkuta mama yake sakafuni na yule binti yuko juu yake, akaita polisi. Nilimsomea binti shtaka la kumjeruhi bibi, akanijibu mbiombio huku analia, na katikati ya maneno yale nikasikia neno moja ninalolijua, nikalidaka hilohilo nikamgeukia hakimu nikasema anakiri, anasema alimsukuma. Hakimu akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Mara zote mbili nikamjibu ninao. Adhabu ikapangwa kusomwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, binti akapelekwa mahabusu, na alipokuwa anatoka aliniangalia kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi.

Jumapili nikaenda kumsalimia mama yangu mdogo, aliyeolewa huko milimani anakotoka yule binti. Tulikuwa tunaosha vyombo, sakafu imelowa, akateleza, nikamdaka kiunoni kabla hajafika chini. Akacheka, akanishukuru kwa lugha ya bibi, na neno alilotumia ni lilelile la kizimbani. Nikamwambia, mama mdogo, mbona mimi sikukusukuma? Akanishangaa. Akasema hilo la kusukuma ni la huku bondeni kwa bibi, kwao milimani neno hilo maana yake ni kumkinga mtu asianguke.

Mama mshauri, sahani ilinitoka mkononi.

Jumatatu nilifika mlangoni kwa hakimu mara tatu nikageuza na mafaili yangu. Jumanne vivyo hivyo. Ijumaa chumba kikajaa, hakimu akamuuliza binti kama ana la kusema kabla ya adhabu, binti akasema maneno mengi, kisha wote wakanitazama mimi. Nikasimama, nikasema:

"Mheshimiwa, sitatafsiri. Wiki iliyopita nilikosea. Hakusema alimsukuma. Alisema alimkinga asianguke. Kosa ni langu, si lake."

Hakimu akavua miwani. Akanihoji mbele ya watu wote nimejuaje, nikaeleza mpaka habari ya sakafu iliyolowa, watu wakaanza kuguna, akawanyamazisha. Akafuta kule kukiri, akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akampa dhamana palepale, akaagiza aletwe mwalimu mstaafu mzaliwa wa milimani awe mkalimani, na akasema anataka kumsikia bibi mwenyewe.

Bibi aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, mwanawe akimsukuma kwa ujasiri wote, akiamini mama yake anakuja kumkandamiza binti. Hakimu akashuka kitini kwake, akavuta benchi, akakaa karibu na bibi na kumwambia asiwe na haraka, mahakama ina siku nzima. Bibi alihangaika na maneno, yakamkatalia. Mwisho akainua mkono wake mzima, akamwonyesha binti kwa kidole, kisha akaweka kiganja nyuma ya kisogo chake mwenyewe akakiacha hapo.

"Kichwa," akasema. "Alishika kichwa."

Ndipo wote tukaelewa kwamba walianguka pamoja, na lau si mkono wa yule binti, kingepasuka kichwa badala ya kuvunjika mkono. Hakimu akamwachia huru. Vigelegele vilipigwa mpaka wa chumba cha jirani wakaja kuchungulia, na askari wetu wa mlangoni, ambaye kazi yake ni kunyamazisha watu, alikuwa anajifuta macho kwa kofia. Mwana wa bibi alikwenda mpaka kizimbani kuomba msamaha, na binti alitoka kwa mlango wa mbele akisukuma mwenyewe kiti cha bibi.

Sasa shida yangu. Tangu siku hiyo mimi ni shujaa. Hakimu mfawidhi, mkuu wa mahakama yetu, amesoma faili akafurahishwa na ukweli wangu, na amenipendekeza niwe mkalimani mkuu. Mume wangu ameshatangaza kazini kwake. Ijumaa hii natakiwa kujaza fomu, na fomu inauliza tena kuhusu ufasaha. Wote wanadhani niliteleza kwenye neno moja. Lakini nimefungua daftari la kesi nikahesabu: kabla ya binti huyu niliwatafsiria watu kumi na mmoja wa lugha ile, na wengi wao walitiwa hatiani. Nikisema, nitapoteza kazi. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nifanyeje?

Ni mimi, Karani wa Chumba Namba Mbili.

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu karani, umeomba nikukaripie, basi kaa vizuri.

Kwanza nikupe haki yako. Kusimama mbele ya umati na kusema kosa ni langu, tena mahali ambapo kila anayepita anatafuta wa kumtupia lawama, ni jambo ambalo wakubwa wengi wanastaafu bila kulifanya. Nilipofika kwenye kiganja cha yule bibi niliweka barua chini kwanza. Kwa hiyo usijidharau.

Lakini uliniandikia barua ndefu, ukaniwekea watu kumi na mmoja mwishoni kabisa, baada ya cheo na baada ya mume wako. Hukuniambia hata mmoja wao alishtakiwa kwa lipi. Wewe unahofia fomu, mimi nawahofia wao. Binti alikuwa na bahati ya sakafu kulowa. Hao wengine bahati yao ni wewe tu.

Halafu unasema hakuna atakayejua. Wewe ni nani, kiti?

Sikiliza. Fomu hiyo usiijaze. Kesho asubuhi, kabla hujaita jina la mtu yeyote, chukua lile daftari, andika namba za kesi zote kumi na moja kwenye karatasi, uende kwa hakimu mfawidhi umwambie ulidanganya kwenye fomu ya kwanza, na umwombe wote wasikilizwe upya kwa mkalimani anayejua. Usiende na machozi, nenda na orodha. Mumeo mweleze leo, ukiwa umekaa, umalize yote, usimpe vipande. Na yule binti, ambaye sikuona popote kwamba ulimfuata ukamtaka radhi, mfuate. Kazi ikienda, imekwenda. Utatafuta nyingine ambayo hutatetemeka ukifungua daftari lake.

ALIANDIKA TENA

Mama mshauri, nilikwenda na orodha.

Hakimu mfawidhi aliisoma yote, namba kwa namba. Nilipewa onyo kali la maandishi, nikaondolewa ukalimani, na cheo kikafutwa, lakini aliniacha kwenye meza yangu, akasema karani anayejishtaki mwenyewe hajui atampata wapi tena. Mume wangu alinuna siku nne, ya tano akaenda mwenyewe kuwaambia wenzake. Binti nilimkuta kwa bibi, bado anamtunza. Alinisikiliza kupitia kwa yule mwalimu mstaafu, akaniletea kiti.

Mafaili yote kumi na moja yalipelekwa mahakama ya juu. Nane yamekutwa hayana tatizo. Matatu yamerudishwa yasikilizwe upya. La kwanza, lililosikilizwa jana, ni la fundi mwashi mmoja niliyemtafsiria kwamba alikiri kubomoa ukuta wa jirani yake, akafungwa miezi sita akaimaliza. Jana mwalimu alimwambia aeleze yote, asikatishwe. Alieleza kwa dakika arobaini. Ukuta aliujenga yeye, na siku ile alikuwa akiutegemeza usianguke. Jirani mwenyewe alipoulizwa alikubali kwamba hakumwona akibomoa.

Hakimu alimtangaza hana hatia. Fundi akaomba kupitia kwa mwalimu neno hilo lirudiwe, kwa lugha yake, polepole. Likarudiwa. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu nachapa, na sikuruka neno hata moja.