Damu ya Baba Ilisomeka Safi

Mshauri, shikamoo. Sauti isiyonitoka masikioni ni ya maji yakimwagwa chooni, kopo baada ya kopo, baba akiosha damu tusiione, nami nimesimama uani najifanya naanua nguo.

Naomba unisaidie. Baba yangu, Mzee Masudi, ni dereva wa malori, na kwa madereva damu ya haja kubwa ni bawasiri tu, ugonjwa wa usukani, lakini baba amekonda, na daktari wa Mbeya alitaka aingizwe kamera nyuma utumbo utazamwe, baba akasema afadhali kaburi, basi mimi niliyesomea maabara nikaona nimstahi, nikamtafutia kipimo cha damu kinachosaka alama za saratani ya utumbo mpana, majibu yakaja ya kawaida, akachinja mbuzi, akasomesha dua, akawaambia madereva wenzake, "Binti yangu kaisoma damu yangu, ni safi," hata Uledi, mtani wake Mzaramo, akasema Mnyamwezi huyu kifo kimemkataa, kumbe mimi najua saratani inaweza kuwepo na alama zisionekane kwenye damu, nilimdokeza nusunusu, hakunisikia, na maji bado nayasikia. Baada ya Idi anaondoka kwenda Lubumbashi. Mama anasema nimwachie furaha yake. Mtoto wa kike nitayatajaje maungo ya baba?

Zakia, Tunduma

Zakia, pole. Lakini nikuulize: ulimstahi baba yako, au ulijistahi mwenyewe? Ulijua kipimo kile peke yake hakitoshi, ukampa kwa kuwa kilikuwa chepesi kukitamka. Sasa amekivaa kama hirizi. Mama yako naye anatetea furaha ya mgonjwa asiyetibiwa. Huwezi kuyataja maungo yake, sawa. Mtani anaweza, na baba yako hana ruhusa ya kukasirika. Mweleze Uledi yote, leo, bila nusunusu. Kamera itangulie, lori lifuate. Siwezi kukuahidi kwamba watakachokiona kitakuwa chema.

Mshauri, nilimweleza Uledi. Alimkuta baba kwenye maegesho ya malori, akamnyang'anya funguo, akamwambia, "Mtumwa wangu, twende Mbeya wakakutazame makalio, ukinifia njiani nitakuuza kwa Wazambia." Madereva walicheka. Baba hakucheka, ila alikubali. Alipopita nyumbani kuchukua nguo aliniuliza jambo moja tu.

"Ulijua kipimo kile hakitoshi?"

Nikamjibu, "Ndiyo, baba," nikamtilia kopo lake la chooni kwenye mkoba.