Achia Miti

Koku mjukuu wangu, marahaba. Huku Kamuli kahawa imeiva, msimu wa kwanza bila marehemu babu yako.

Unaniuliza mbona unajitahidi kuishi Kikristo na bado unaanguka. Nilipokuwa na uchungu wa kumzaa mwanangu wa kwanza, majirani walinibeba kwa machela ya miti na blanketi kwenda hospitali. Nikakaza mwili, nikashika miti kwa nguvu, nikidhani nawasaidia. Mzee aliyebeba mbele akasema, “Binti, achia miti. Ukijikaza unatulemea.” Nikaachia, nikalia, wakanifikisha.

Mtoto tulimzika. Wakati wa kurudi kutoka hospitali walinibeba tena, nami sikushika kitu.

Lakini tangu babu yako afariki, hata nikisali najikuta nimeshika miti. Niombee, Koku, nipate kuachia, Mungu anibebe.

Bibi yako